Kaya mbili kwenye kiwanja chembamba: nyumba pacha, mbele na nyuma, au ghorofa?

Kiwanja cha mita 12 kwa 30 huonekana kikubwa kikiwa nyasi tupu. Siku fundi anapopiga kamba za msingi, na majirani wameshajenga kulia na kushoto, ndipo mwenye kiwanja anashika kiuno na kuuliza nyumba mbili zitakaa wapi. Viwanja vya umbo hili viko vingi hapa Mbeya, kuanzia Ilomba mpaka Isyesye, Itezi na Uyole. Wanaokuja na swali hili kwa kawaida ni ndugu wawili walioachiwa kipande kimoja na wazazi, au mtu anayetaka kukaa upande mmoja na kupangisha wa pili ili pango limsaidie kumalizia ujenzi, au kijana anayetaka mama yake awe karibu lakini kila mtu apike kwake.

Kazi yangu ni kuchora ramani, na karibu kila mteja huanza kwa kuhesabu vyumba. "Nataka vitatu huku, viwili kule." Vyumba vitapatikana. Kwenye kiwanja chembamba kinachogombaniwa ni jua, njia na maji. Ukivipanga hivyo kwanza, vyumba hufuata bila shida. Ukivisahau, hakuna tailizi wala jipsam itakayovirudisha.

Kiwanja cha mfano

Ili ulinganisho uwe wa haki, nyumba zote nimeziweka kwenye kiwanja kimoja: upana mita 12, urefu mita 30, barabara iko kwenye upande mmoja mfupi. Pembeni naacha mita 1.5 kila upande, mbele mita 5 za kuegesha gari, nyuma mita 3. Nafasi ya kujenga inabaki mita 9 kwa 22. Kuta za nje na ukuta unaotenganisha kaya nimezihesabia sentimita 23, yaani tofali la kuchoma lililojengwa kwa unene wa nchi 9. Za ndani nimezihesabia sentimita 15.

Umbali wa kuacha kwenye kiwanja chako unategemea masharti ya eneo, kwa hiyo pita ofisi ya mipango miji ya halmashauri kabla hujamlipa mchoraji. Na kama kiwanja uliuziwa kwa hatua za miguu, kipime upya kwa tepu, mbele na nyuma. Nimeshakuta kiwanja chenye mita 12 barabarani na mita 11 kule mwisho. Mita hiyo moja ilikula korido yote.

Vigezo vya kulinganishia

Kwanza ni jua na joto. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai kila aliyelala hapa anaijua. Tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi Juni jua hupita upande wetu wa kaskazini. Kwa anayekaa katikati ya mji, huo ndio upande wa mlima Loleza. Adhuhuri ya mwezi huo jua huwa kwenye pembe ya nyuzi 58 hivi kutoka ardhini. Uzio wa mita 2 hutupa kivuli cha mita 1.25, kwa hiyo kwenye uchochoro wa mita 1.5 jua bado linafika mpaka chini ya ukuta wako. Jirani mwenye nyumba ya kawaida, mita 3 kutoka kwako, hakuzuii. Akiinua ghorofa ya mita 6, kivuli chake kinapanda mita 1.2 kwenye ukuta wako na kuanza kula dirisha. Upande wa kaskazini ndio wenye thamani: sebule na chumba cha mzee vikae huko, choo, stoo na korido viende kusini.

Ndani ya kigezo hiki naweka pia jiko la mkaa. Kila kaya inahitaji baraza la nyuma lenye paa na lililo wazi, la kupikia. Nyumba isiyo na baraza hilo huwafanya watu waingize jiko ndani usiku wa baridi, na hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu. Huua watu wakiwa usingizini na milango imefungwa.

Pili ni faragha: mlango wa nani unatazamana na wa nani, na sauti inapita wapi. Tatu ni njia. Watu hupima njia kwa gari, mimi naipima kwa kitanda na kwa jeneza. Jeneza lililobebwa na watu pande zote mbili linahitaji nafasi ya kupita na kugeuka, na hakuna nyumba ya ukoo ambayo siku hiyo haitafika. Nne ni maji, ya mvua na machafu. Mvua zetu huanza Novemba na kufika Aprili, na paa la mita za mraba 100 hutiririsha lita 1,000 kwa kila milimita 10 za mvua. Bomba la nchi 4 la maji machafu linahitaji kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Shimo lenyewe linahitaji kufikiwa na mpira wa gari la kunyonya. Tano ni gharama na uwezekano wa kujenga kidogo kidogo. Bei sitataja kwa sababu hazikai mahali pamoja, nitalinganisha kwa vipimo. Sita ni hatima ya nyumba: kugawana, kuuza, kurithisha.

Nyumba pacha

Ni jengo moja refu lililogawanywa katikati kwa ukuta unaotoka mbele hadi nyuma. Katika mita 9, ukitoa kuta tatu nene, kila kaya inabaki na upana wa ndani wa mita 4.15. Korido ya mita 1, ukuta wa sentimita 15, chumba cha mita 3: jumla 4.15. Hakuna sentimita iliyobaki. Ndani vyumba hujipanga kama mabehewa ya TAZARA. Mbele sebule ya 4.15 kwa 4.2, kisha chumba cha 3 kwa 3, bafu na choo 3 kwa 1.5, chumba masta 3 kwa 3.3, na mwisho jiko la 4.15 kwa 2.7 lenye mlango wa uani. Urefu wa nje unafika mita 15.8, jengo zima mita za mraba 142, kila kaya 71.

Jua ndilo udhaifu wake. Korido ina urefu wa mita 8 na inaegemea ukuta wa kati, haina dirisha hata moja. Halafu, kama urefu wa kiwanja unaelekea mashariki na magharibi, kaya moja inapata kaskazini yote na nyingine inapata kusini yote. Ile ya kusini italala Juni nzima kwenye vyumba ambavyo ukuta wake wa nje haukuguswa na jua. Ndugu wawili hawataliona hilo kwenye karatasi. Wataliona mwaka wa kwanza, mmoja akianika blanketi dirishani na mwingine akihangaika na ukungu kwenye pembe za ukuta. Kama kiwanja kinaelekea kaskazini na kusini hali ni ya haki zaidi, kwa sababu mmoja anapata jua la asubuhi na mwenzake la jioni. Kwa korido, weka bati mbili au tatu za plastiki zinazopitisha mwanga juu yake, na kwenye dari acha uwazi uliofungwa kwa kioo au plastiki ngumu.

Faragha inategemea ukuta wa kati, na hapa sina budi kusimulia. Mwaka wangu wa kwanza wa kupanga niliishi nyumba pacha ambayo ukuta huo uliishia kwenye dari. Juu ya dari palikuwa wazi, kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimepita kutoka kwao mpaka kwetu. Alfajiri nilikuwa nasikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe cha jirani. Bila shaka naye alisikia kila nilichomwambia mke wangu. Mtoto wao alipopata kikohozi, wiki nzima tulikesha nao, na asubuhi tulisalimiana huku kila mmoja anajua mwenzake hakulala. Tangu hapo kwenye kila ramani ya pacha naandika kwa herufi kubwa: ukuta wa kati upande hadi kwenye bati, na upigwe plasta pande zote mbili hata juu ya dari. Kwa paa la upana wa mita 9, pale katikati ni kimo cha mita moja na nusu au zaidi, na fundi atakuambia ni hasara ya tofali. Siyo hasara. Uwazi ule hupitisha sauti, hupitisha moto, na mwizi aliyeingia upande mmoja hushukia upande wa pili kwa kutoboa dari.

Milango ya mbele isikae bega kwa bega. Mmoja utazame barabara, wa pili uingie kutoka pembeni, ili mgeni akipiga hodi ajulikane kaja kwa nani.

Kwa njia, pacha inajitosheleza. Kila kaya ina uchochoro wake wa mita 1.5 wa kwenda nyuma, na mbele magari mawili yanakaa sambamba. Ndani ni shida kidogo: kochi la watu watatu haligeuki kwenye korido ya mita 1, kwa hiyo mlango wa jikoni uwe mpana wa kupitisha vitu vikubwa kutoka nyuma.

Maji ya mvua yanagawanyika kwa haki, nusu ya paa kwa kila kaya, kila mmoja na tangi lake. Lakini bati zinamwaga kwenye vichochoro, na upenu wa sentimita 60 unaacha sentimita 90 tu kufika mpaka wa jirani. Gata ni lazima tangu siku ya kupaua. Maji machafu yanapita kwenye mistari miwili ya chemba, yaani vishimo vya kukagulia bomba, mmoja kila upande.

Gharama yake ni ya wastani. Kuta nene zinafika mita 65 ukijumlisha ule wa kati, paa ni moja, kenchi ni za aina moja. Kujenga kwa awamu ndiko kugumu. Ukijenga nusu leo na nusu baada ya miaka mitano, pale zinapoungana patapasuka. Kama huna njia nyingine, msingi na jamvi la zege vya nusu zote mbili vijengwe pamoja, ili ardhi itulie kwa mara moja.

Kwa hatima, kamba moja ya kunyooka inatenganisha kaya hizi. Vipande vya upana wa mita 6 kila kimoja si rahisi kupata hati mbili za kawaida, lakini ipo sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu sehemu za jengo moja kuwa na hati zake. Ndugu waiulizie mapema, wakiwa bado wanaelewana.

Pacha inawafaa kaya mbili zenye uzito sawa na fedha zilizoko tayari kwa pamoja, kwenye kiwanja kinachoelekea kaskazini na kusini.

Mbele na nyuma

Hapa ni nyumba mbili zilizoachana, na ua katikati. Ili kaya ya nyuma ipate njia ya kweli, nyumba ya mbele naibana hadi upana wa mita 7.5, uchochoro mmoja unakuwa mita 3 na mwingine unabaki mita 1.5. Kutoka barabarani: mita 5 za mbele, nyumba ya 7.5 kwa 9.5, ua wa mita 5, nyumba ya nyuma ya 9 kwa 7.5, kisha mita 3 za mwisho. Jumla mita 30. Nyumba ya mbele ina mita za mraba 71, ya nyuma 67, kila moja vyumba viwili, sebule, jiko na bafu, bila korido ndefu.

Kwa jua mpango huu una nguvu. Kila nyumba ina pande nne za kufungua madirisha. Kiwanja kikielekea mashariki na magharibi, ule uchochoro wa mita 3 uweke kaskazini, na nyumba ya mbele itapata jua la Juni hata jirani akija kuinua ghorofa. Kikielekea kaskazini na kusini, ua wa mita 5 unatosha kuiachia jua nyumba iliyoko upande wa kusini wa ua, kwa sababu kivuli cha upenu ulio kimo cha mita 3 hakifiki mita 2.

Faragha ya sauti ni nzuri kuliko zote. Faragha ya macho inahitaji akili. Watu wa nyuma, wageni wao, muuza maziwa wao, wote wanapita kando ya madirisha ya nyumba ya mbele. Upande huo weka bafu na stoo, au, ukiwa ndio wa kaskazini, sebule yenye madirisha ya juu, na vyumba vya kulala vitazame kwingine. Kwenye ua, mlango wa jiko la mbele usitazamane na sebule ya nyuma. Kamba za kuanikia nguo ziwe mbili tangu mwanzo. Nimeona ugomvi wa miaka uliotokana na kamba moja.

Desturi yetu ni mwenye nyumba kukaa mbele na mpangaji uani. Kwenye kiwanja chembamba mimi napendekeza kinyume chake. Mwenye nyumba akae nyuma, kwenye utulivu na mita 3 za bustani, na mpangaji akae mbele, karibu na barabara, vumbi na geti. Nyumba ya mbele hupangishika kwa urahisi zaidi, na baadaye chumba kimoja chake kinaweza kugeuzwa fremu ya duka.

Kwa njia, mita 3 zinapitisha gari dogo, kitanda, na watu wa msiba. Mtu anayezibana hadi 1.5 ili apate chumba kimoja zaidi mbele atakuwa amewanyang'anya wa nyuma kila kitu.

Maji ndiyo yatakayokuamulia. Kutoka bafu la nyumba ya nyuma hadi shimo lililoko mbele ni kama mita 22, na bomba linatakiwa lishuke sentimita 55 katika umbali huo. Kiwanja kikishuka kuelekea barabarani, kazi ni nyepesi. Kikishuka kuelekea nyuma, kama vilivyo vingi kwenye miinuko ya Isanga na Itiji, maji hayapandi. Itabidi shimo la nyuma likae uani, mbali na misingi yote miwili, na uhakikishe mpira wa gari la kunyonya unafika hapo. Iringa mjini kuna jambo jingine: miamba. Chimba shimo la majaribio kabla ya ramani, maana shimo la choo ukikuta jiwe kwenye mita moja linahama, na likihama nyumba nayo inahama.

Gharama huwashangaza wengi. Hudhani nyumba mbili zinakula kuta mara mbili, lakini ukipima, kuta nene hapa ni mita 67 dhidi ya 65 za pacha. Tofauti iko juu: kingo za paa zinaongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, pamoja na fisha bodi (mbao za ukingoni), gata na kofia zake. Faida kubwa ni awamu. Unajenga ya nyuma, unahamia, unapumua, mvua mbili tatu zinapita, kisha unaanza ya mbele. Anza na ya nyuma kabisa. Ukianza na ya mbele, lori la mchanga na mbao za Mafinga litashusha barabarani, na kila tofali la nyuma utalipia vibarua walibebe.

Kwa hatima, ni rahisi kuuza au kupangisha moja bila kugusa nyingine, ila njia ya mita 3 lazima iandikwe kuwa ni ya wote. Neno la mdomo la baba haliwezi kuwafunga wajukuu.

Inawafaa wanaojenga kidogo kidogo, wanaopangisha, na wanaomjengea mzazi ambaye anataka kuona watu wakipita.

Ghorofa, kaya moja chini na moja juu

Jengo la mita 9 kwa 9, mita za mraba 81 kila sakafu, na nyuma zinabaki mita 16 za ardhi. Kwa anayependa mboga, kuku na watoto kukimbia, hilo peke yake linatosha kumshawishi.

Jua kwa kaya ya juu ni zuri mwaka mzima, maana iko juu ya uzio na mara nyingi juu ya bati za jirani. Lakini usiku bati hupoteza joto upesi, kwa hiyo dari ya juu iwe na kizuizi cha joto juu yake. Chini kuna kivuli zaidi, ila zege lililo juu yao linawasitiri na baridi ya bati. Jiko la mkaa la kaya ya juu linahitaji roshani ya angalau mita 1.5, iliyo wazi kweli, isiyofungwa vioo baadaye.

Faragha ya macho ni nzuri, ya sauti ni ndogo. Kiti kikivutwa juu ya tailizi saa tano usiku, wa chini atasikia. Kinu hakitwangwi juu. Panga bafu juu ya bafu, jiko juu ya jiko, chumba juu ya chumba, ili maji yashuke kwenye bomba moja na usingizi ukae juu ya usingizi.

Njia ya kaya ya juu ni ngazi. Kwa kimo cha mita 3 hivi unahitaji vipando 18 vya sentimita 17, na ngazi ya kugeuka mara moja inakula eneo la mita 2.1 kwa 3.3. Naiweka nje, kwenye pembe ya mbele, chini ya paa, ili wa juu wasipite ndani kwa wa chini na sakafu zote mbili zibaki kamili. Mzee akae chini bila mjadala. Jeneza na ngazi ya kugeuka ni jambo la kulifikiria kwa utulivu kabla ya kuchora upana wake. Mita 1 ndiyo ya mwisho kabisa, na kituo cha katikati kiwe kipana.

Maji ni rahisi: paa moja, mstari mmoja wa chemba, shimo moja mbele karibu na gari. Paa ni dogo pia, hivyo maji ya mvua ya kuvuna ni machache kwa kaya mbili.

Gharama ndiyo inayotenganisha ghorofa na zile mbili. Zege la juu lenye unene wa nchi 6 kwa mita 9 kwa 9 lina uzito wa tani 29 kabla hujaweka kitanda hata kimoja. Linahitaji karibu mifuko 80 ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nondo, mbao za kushikilia, na kumwagwa kwa siku moja. Chini yake kuna nguzo na misingi ya nguzo. Hii siyo kazi ya fundi mzoefu peke yake, ni kazi ya mhandisi, na kibali kitadai michoro yake. Mbeya tuko pale mikono ya Bonde la Ufa inapokutana na ardhi hutikisika mara kwa mara, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kuta nene za tofali zitabeba zege bila nguzo. Kuishia njiani pia kuna madhara yake. Zege lililoachwa wazi miaka mingi, nondo zikichomoza na kutu, huvujisha maji kwa wa chini kila masika.

Kwa hatima, hakuna anayeweza kuchukua ardhi yake akaondoka. Paa la mmoja ni sakafu ya mwenzake. Hati za sehemu za jengo zinawezekana, lakini kwanza waandikiane nani atatengeneza paa, ngazi na shimo. Kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa ghorofa hutozwa kwa kiwango cha juu kuliko nyumba ya kawaida.

Inawafaa wenye fedha iliyokamilika, kiwanja kifupi au chenye mteremko mkali, na wanaothamini ardhi ya wazi kuliko vyumba.

Yanayowahusu wote

Kila kaya iwe na mita yake ya umeme na ya maji. Pampu na taa ya geti ziunganishwe kwenye mita ya mwenye nyumba na hilo lisemwe mapema. Ukiwa na mita mbili, fuatilia kodi ya jengo isikatwe kwenye zote kwa jengo moja. Paa la kuficha, lile ambalo bati hujificha nyuma ya ukuta na vijana wanalipenda sana sasa, silipendekezi huku: mfereji wake uliojificha ukiziba majani, maji yanarudi ndani. Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, nalikataa kabisa. Huko weka paa lenye mwinuko mkali na upenu mpana.

Wapo pia wanaohitaji pungufu ya haya: nyumba moja yenye chumba, sebule ndogo, bafu na mlango wake wa nje pembeni. Kwa mama mmoja au kijana anayeanza maisha hiyo inatosha, na ukuta wa kutenganisha unaweza kuachiwa nafasi ya mlango uliozibwa kwa tofali, utakaofunguliwa siku nyumba ikirudi kuwa moja.

Kulingana na hali yako

Mkiwa ndugu wawili, kila mmoja ana fedha yake leo, na kiwanja kinaelekea kaskazini na kusini, jengeni pacha na ukuta ufike kwenye bati. Mkiwa ndugu wawili na mmoja tu ndiye mwenye fedha, jengeni mbele na nyuma. Aanze yeye nyuma, na kipande cha mbele kibaki cha mwenzake bila mtu kumwona anachelewa.

Ukiwa peke yako na unategemea pango, mbele na nyuma tena, isipokuwa kiwanja kikishuka kuelekea nyuma na hapana mahali pa shimo. Hapo linganisha pacha na ghorofa kwa mkono wa mhandisi. Ukimjengea mzazi, mpe upande wa kaskazini katika mpango wowote, chini, karibu na choo, na baraza anayoweza kuota jua saa nne asubuhi. Ukiwa Njombe au Makete, ambako umande huganda, kigezo cha jua kipe uzito mara mbili kuliko vingine vyote.

Na kama bado umekwama kati ya miwili, usichore kwanza. Nenda kiwanjani adhuhuri ya Juni na mti wa mita 2, tepu, na bomba la maji la kupimia usawa. Simika mti mpakani upande wa kaskazini, pima kivuli. Kisha pima kiwanja kinashuka sentimita ngapi, kuelekea wapi. Njoo na namba hizo mbili kwa mchoraji wako.